Safari ya Frere Town na Rabai

 Mwezi huu hatuwaletei mafundisho ya namna ya siku zote, bali habari za safari. Mara nyingi swali huulizwa katika nyumba zetu: Mkristo asiye padre wala tajiri, mwenye kibanda chake na shamba lake dogo na watoto wa kulisha, afanye nini ili imani yake ionekane kwa matendo? Ni rahisi kulijibu swali hili kwa maneno mema. Sisi tuliazimu kwenda kuona miji miwili ya pwani ya Kenya ambamo liliulizwa zamani kwa uchungu, na watu wakajibu kwa muhogo wao na mikeka yao, na wengine kwa damu.

Tulikuwa watatu, yaani walimu wawili na mke wa mmoja wetu. Yeye ndiye aliyeuliza maswali yaliyofaa zaidi, kama itakavyoonekana.

Mtu akitoka kisiwani Mombasa kwenda upande wa Kisauni hupita daraja la Nyali. Daraja la kwanza lilielea juu ya maji, nalo lilifunguliwa mwaka 1931. Hili la sasa ni la mwaka 1980. Akiisha kuvuka hakawii kuwasikia makanga wa matatu wakiita, “Kengeleni! Kengeleni!” Kila siku watu wengi hushuka hapo na vikapu vyao, na wachache sana huuliza jina hilo limetoka wapi. Nayo kengele ipo, katika mnara mdogo wa mawe kando ya barabara, katikati ya kelele za magari na pikipiki na wauza matunda. Mnara huo ulijengwa na watu waliokuwa wameokolewa katika utumwa. Kengele yake iliwaita kanisani, na husemwa kwamba wakati wa hatari ililia kuwaonya, kwa maana wenye watumwa wa pwani hawakuupenda mji huo hata kidogo.

Asili ya mji ni hii. Mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash wa Unguja kutaka mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Juni, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Walakini mkataba haupiki chakula wala haujengi nyumba. Manowari zilipoyakamata majahazi, watu waliokuwamo wangepelekwa wapi? Walikuwa wametekwa mbali sana, wengine pande za Nyasa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo mno hata wasiweze kusema kwao ni wapi. Basi Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, ndicho CMS, kikamtuma Padre William Salter Price, naye mwaka 1875 akapata ardhi ng'ambo ya kisiwa, na mji ukaitwa Frere Town.

Price hakuianza kazi hiyo na Wazungu peke yao. Hapo kwanza alikuwa Nasik, katika nchi ya Bara Hindi, kwenye makao ya vijana wa Kiafrika waliookolewa baharini wakafundishwa dini na kazi za mikono. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kurudi Afrika kabla yake: George David, Ishmael Semler na William Jones walifika pwani hii mwaka 1864, miaka kumi na zaidi kabla ya kuanzishwa kwa Frere Town. Wengine wakaja baadaye, wakawa walimu na mafundi, na watu wakawaita wote watu wa Bombay. Mmoja wa vijana wa Nasik alikuwa Matthew Wellington, aliyekuwa pamoja na wale waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani. Alikaa Frere Town na Mombasa hata uzee wake, akafa mwaka 1935. Na atakaye kuzijua habari za mji huu kwa Kiswahili akitafute kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Ni kitabu chembamba, lakini mwandishi alikuwa mtoto wa watu hao, wala hakusimulia ya kuambiwa na wageni.

Ingekuwa vizuri kuyaacha ya Frere Town hapo, tukaendelea na safari. Lakini msomaji ana haki ya kuambiwa na yasiyopendeza. Yapata mwaka 1881 habari zilifika mpaka kwa serikali kwamba watu waliookolewa walikuwa wakipigwa viboko na kufungwa humo mjini kwa amri ya msimamizi Mzungu, na uchunguzi ukafanywa. Tulikuwa tumesimama chini ya kengele tukilizungumza jambo hili, tukipaza sauti kwa ajili ya magari, ndipo mke wa mwenzetu aliposema, “Kumbe mtu aweza kuokolewa baharini akaja kupigwa nchi kavu, na kengele ya sala ikalia vilevile.”

Hatukuwa na la kumjibu. Yeye akaendelea, “Katika nyumba za Wakristo tunazozijua, msichana wa kazi hulala wapi? Hula saa ngapi? Tena wakati wa sala ya jioni, huitwa, au huachwa jikoni na sufuria?” Tukaona kwamba safari yetu ya mambo ya kale imegeuka mara kuwa safari ya mambo ya leo, tukashika njia ya Rabai kwa mawazo mengine.

Kutoka Mombasa kwenda Rabai hupitwa Changamwe na Miritini katika barabara kuu ya Nairobi, pamoja na malori yatokayo bandarini, hata kufika Mazeras. Hapo huiacha barabara kuu, ukashika mkono wa kuume. Kelele zikabaki nyuma yetu. Njia hupanda na kushuka katika vilima vyenye minazi mingi, na huku na huku huonekana mwembe mkubwa au shamba la muhogo. Warabai ni mmoja wa makabila tisa ya Wamijikenda, na misitu yao ya kaya inatunzwa hata leo. Watu wa huko ni wapole kwa mgeni. Tuliuliza njia mara tatu, na mara mbili muulizwa aliacha kazi yake akatusindikiza.

Huku ndiko alikokuja Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Kaburi la Rosine liko upande wa Nyali hata leo. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alipofika, wakapanda wote wawili mpaka Rabai, na wazee wa Rabai wakawapa mahali pa kukaa. Wengi wanamjua Krapf kwa kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapwa mwaka 1882 yeye akiwa amekwisha kufa. Wanamjua Rebmann kwa kuuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Si wengi wajuao kwamba Rebmann alikaa pwani hii karibu miaka thelathini, hata macho yake yakapofuka, na watu walioamini kwa muda huo wote walikuwa wachache sana. Wa kwanza wao alikuwa Mrabai mmoja, jina lake Mringe, naye alikuwa kiwete. Kwa hiyo kanisa la upande huu lilianza na mtu asiyeweza kwenda kwa miguu yake, ambaye hapana mkubwa yeyote angemhesabu kuwa faida.

Tuje sasa kwa William Jones, kwa kuwa pasipo yeye habari za Rabai hazifahamiki. Utotoni alitekwa akauzwa. Akaokolewa, akalelewa Nasik, akarudi Afrika mwaka 1864 kama tulivyosema. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington alimweka kuwa shemasi pamoja na Ishmael Semler, kanisani Frere Town. Mwaka uleule Hannington akaondoka kwenda Uganda kwa njia ya Umasai, na Jones akafuatana naye. Walipofika Kavirondo, Askofu alimwachia Jones wapagazi walio wengi, akatangulia na watu hamsini. Huko Busoga akauawa mwezi wa Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na karibu wote waliokuwa naye. Jones akangoja habari, akazipata, akawarudisha watu wake mpaka pwani kwa njia ndefu ya njaa na hofu. Mwezi wa Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa wamekonda, nguo zimewararukia, na mbele yao bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Msomaji wa kitabu cha kwanza cha Samweli anajua maana yake. Wanawake wa Rabai wakatoka kuwatafuta waume zao katika safu ile, na wengi hawakuwaona.

Tumeieleza habari hii ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekuwa na ulinzi wa Rabai wakati watoro walipozidi kuwa wengi.

Watoro walikuwa nani? Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umekataza kuwasafirisha watumwa baharini, lakini haukumfungua yeye aliyekuwa akilima shambani. Mashamba ya Mombasa na Takaungu na Malindi yalilimwa na watumwa, na kwa sheria ya nchi mtumwa aliyekimbia alikuwa mali ya bwana wake iliyopotea. Mwenye kuificha alihesabiwa kuwa mwizi. Nao watumwa walisikia kwamba kuna watu vilimani wasemao kuwa Mungu ni Baba wa wote. Wakawa wakija, kwanza mmoja mmoja, halafu jamaa zima. Wakubwa wa misioni waliagizwa wasiwapokee, maana walikaa katika nchi ya Sultani kwa hisani yake, na wenye watumwa wakikasirika wangeweza kuyachoma yote. Wala hofu hiyo haikuwa ya bure. Wagiriama walioamini walijenga kijiji chao mahali paitwapo Fuladoyo, na watoro wakakaa pamoja nao; wenye watumwa wakakishambulia, na kiongozi wa Wakristo wa hapo, David Koi, akauawa mwaka 1883. Hakuwa padre, wala hakuwa mtu wa Ulaya. Alikuwa Mgiriama mwenye kijiji, akafa kwa ajili ya wageni wa kijiji chake.

Hapa ndipo jambo lilipokuwa gumu, wala tusilifanye jepesi kwa kuwa sisi tunajua lilivyokwisha. Mkristo wa siku zile aliyetaka kumrudisha mtoro angeweza kuufungua Waraka kwa Filemoni, akaonyesha jinsi Paulo alivyomrudisha Onesimo kwa bwana wake. Na aliyetaka kumficha angeweza kuufungua mlango wa ishirini na tatu wa Kumbukumbu la Torati, akaonyesha agizo la kutomrudisha mtumwa aliyekimbilia kwako, bali kumwacha akae mahali apendapo. Wote wawili wangekuwa wameshika Biblia. Tena aliyetaka kutii wakubwa angeweza kusema, “Nikimpokea mmoja huyu, nitaiponza shule nzima na kanisa zima.” Si neno la mtu mwovu hilo. Twaona lilisemwa na watu wema wengi, na latisha zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa tufikiri habari hii kwa macho ya mama wa nyumba. Usiku mlango unagongwa. Nje amesimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, hakuleta jembe wala chungu wala chochote. Ndani kuna watoto watano na muhogo wa siku mbili. Mwaka 1884 njaa kubwa ilishika nchi hii ya pwani, hata wazazi wengine waliwaweka watoto wao rehani kwa watu wenye nafaka, wengine wasirudishiwe kamwe. Katika nchi ya namna hiyo kuongeza kinywa kimoja si jambo la kuimbia. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; nasi huitumia mithali hiyo kumwambia mgeni asikawie. Lakini kwa mtoro jembe ndilo lililokuwa uhuru wenyewe. Mtu aliyelima miaka ishirini shamba la mwingine akapewa jembe na pembe ya shamba, akaambiwa, “Utakachovuna ni chako.” Hakuna hotuba ya kanisani iwezayo kumweleza habari njema kama jembe lile.

Jones alijua, au hata kama hakuwajua wote kwa majina, hakuwafukuza. Nyumba zikazidi kuongezeka pembeni mwa mji, mashamba nayo yakazidi. Hata mwaka 1888 siri haikuwa siri tena. Mwaka huo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipata hati yake ya kifalme, ikaanza kuitawala pwani iliyokodiwa kwa Sultani. Mkubwa wake, George Mackenzie, alipofika Mombasa alikuta Waarabu na Waswahili wenye mashamba wamejaa ghadhabu, wakisema misioni zimewaibia watu wao. Price alikuwa amerudi pwani mwaka huohuo. Watu wakahesabiwa, wakaonekana watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vya misioni, na walio wengi wao walikuwa Rabai. Wako waliostuka kwa hesabu ile. Sisi tunadhani hakuna mama wa Rabai aliyestuka, kwa kuwa yeye alikuwa akiwahesabu kila jioni kwa vibaba.

Mackenzie hakutaka vita, wala hakutaka kuwatoa watu wale katika nyumba zao kwa nguvu. Akapatana na wenye watumwa kwamba watalipwa reale 25 kwa kila mmoja, na tarehe 1 Januari 1889 watu walikusanyika Rabai kupewa hati zao za uhuru. Ilikuwa siku ya furaha kubwa, nasi hatutaki kuipunguza. Ila huwa twashangaa kidogo kwamba katika hesabu ile waliolipwa ni wale waliotumikiwa, na wale waliotumika bure hawakupewa hata reale moja. Tena utumwa wenyewe haukukoma kwa sheria pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, yaani miaka kumi na minane baada ya karatasi za Rabai.

Vitabu vingi husimulia kana kwamba tarehe ile ndipo uhuru ulipofika Rabai. Kwa maoni yetu ulikuwa umefika miaka mingi mbele, usiku, kwa mlango wa nyuma, na karatasi zikaja kuukuta umekwisha kuwa na mashamba na watoto. Kama wenye vibanda wangengoja kwanza wakubwa wapatane, Mackenzie asingalikuta watu wa kuwaandikia hati.

Tulifika kanisani Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887, saa sita ya mchana. Ni jengo la unyofu, na kivuli chake ni kizuri baada ya jua la njiani. Nyumba za Krapf na Rebmann zingalipo karibu, na tangu mwaka 1994 kuna makumbusho yenye jina la Krapf, ambamo mtu aweza kuziona picha na vyombo vya siku zile. Mlinzi wa mahali alituongoza kwa hiari njema. Tukaona kwamba majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya waliotoka mbali. Majina ya waliopika hayakuandikwa mahali. Huenda ndivyo ilivyo katika kila mji.

Baada ya hayo tukapelekwa kwa bibi mmoja mzee, ambaye jina lake hatutalitaja, kwa kuwa yeye mwenyewe alituomba hivyo. Tulimwamkia, “Shikamoo, Bibi.” Akaitikia, “Marahaba, wanangu. Karibuni, kaeni mkekani, viti vya humu vina miguu mitatu.” Alikuwa amepita miaka themanini, na macho yake yalikuwa makali kuliko ya mlinzi.

Tukamweleza tulilolijia. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye ni wa ukoo wa watoro kwa upande wa mama yake, na kwamba zamani habari hizo hazikusemwa mbele ya wageni. Watoto shuleni wakigombana, neno la kumtukania mwenzio lilikuwa kumwambia kwamba yeye ni mateka. Hata leo, alisema, wako watu wa hapa wasiopenda kuulizwa kabila lao, na wengine wamechagua kabila la jirani wakajifunika nalo kama shuka. “Watu huipenda hadithi ya kukombolewa,” akasema, “lakini kwenye posa huuliza, ‘Huyu ni wa nani?’”

Mke wa mwenzetu akamwuliza, “Bibi, hao wa kwenu walipofika hapa usiku, aliyewapokea alikuwa nani? Padre?”

Yule bibi akacheka. “Padre alikuwa amelala, mwanangu. Aliyewapokea ni mwenye kibanda cha mwisho, kile kilicho karibu na mwitu. Mtoro hakugonga nyumba kubwa.” Akatusimulia kama alivyosikia kwa nyanya yake, naye nyanya alisikia kwa mama yake, kwamba mwenye kibanda alikuwa mjane, tena maskini. Alimsogeza mwanawe upande wa ukutani, akampa yule mgeni nafasi iliyobaki ya mkeka. Akamwuliza kama amekula. Hakumwuliza ametoka kwa nani mpaka siku ya tatu.

“Mbona mpaka siku ya tatu?” mmoja wetu akauliza.

“Angemwuliza usiku uleule, angelijua jina la bwana wake,” akasema bibi. “Asubuhi wakija kumtafuta, ingebidi aseme uongo. Mjane yule hakupenda kusema uongo.”

Tuliipenda sana akili ya mjane huyo. Twajua walimu wenye elimu nyingi ambao wangekesha usiku kucha wakishindana juu ya Filemoni, hata mtu wa nje akachukuliwa na waliomfuata. Yeye hakuyatangua maagizo ya mtu kwa kinywa chake. Alisogeza mtoto.

Tulitaka kuaga, maana jua lilikuwa limeanza kushuka na gari la Mazeras halimngoji mtu. Bibi akakataa kabisa. Akasema hakuna aliyewahi kutoka nyumbani mwake mchana na tumbo tupu, na kwamba kama gari litakwenda, liende, kesho litakuwapo jingine. Basi tukakaa tena mkekani. Ukaletwa wali wa nazi na mchuzi wa samaki, na mchicha, na madafu. Aliyeleta alikuwa msichana wa miaka kumi na minane hivi, aliyetoka mbali bara, ambaye mjukuu wa bibi alikuwa amemwajiri amsaidie bibi kazi za nyumbani. Akaweka sinia, akanawisha kila mtu mikono kwa adabu, akageuka kurudi jikoni.

Bibi akampigia mkeka kwa kiganja, hapo ubavuni pake, mahali alipokuwa ameacha nafasi tangu mwanzo bila sisi kutambua. Msichana akaja akaketi, pasipo haya, kama akaavyo kila siku. Sisi watatu tulikuwa tumekwisha kuinamisha vichwa, tukidhani mmoja wa walimu ataombwa kusali, kwa kuwa ndiyo desturi kwa wageni. Bibi akamwambia msichana atuombee chakula. Akasali kwa lugha ya kwao, ambayo hapakuwa na mtu mkekani aifahamuye ila yeye na Mungu. Akasema Amina, nasi tukaitikia Amina, tukala.